Laki saba, TV ya mama na kompyuta ya gemu

Swali: "Shikamoo kaka. Nipo Kirumba, Mwanza, kazi yangu ni kupakia dagaa pale Mwaloni. Nimejichanga mpaka nimefikisha 700,000, nataka kompyuta yangu ya kwanza ya gemu. Nataka kucheza FC ya mpira, GTA V na Counter-Strike 2 nyumbani, nimechoka kulipia kwa saa kwenye vibanda vya PS. Duka moja mjini wameniambia kwa hela hiyo nisahau, nianzie milioni moja na nusu. Jamaa mwingine ana CPU ya i7, RAM 16, grafiki GB 8, anataka 650,000. Monita sina, ila ipo TV ya mama ya inchi 32. Nichukue hiyo i7 au niunde mwenyewe? Na kama ni kuunda, naanzia wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Hiyo i7 iache kwanza. Na huyo wa milioni na nusu hajakudanganya, ila kakupigia hesabu ya vitu vipya vinavyotoka kwenye maboksi yake. Kwa vitu vipya laki saba haifiki kweli. Kwa mtumba uliochaguliwa kwa macho mawili inafika, na nauli ya daladala inabaki.

Nimalizane na mwenye i7, maana hayo maneno "grafiki GB 8" yameingiza wengi mjini. Kompyuta isiyo na kadi ya grafiki inatumia kipande cha grafiki kilichomo ndani ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Kipande hicho hakina kumbukumbu yake chenyewe, kinakopa kwenye RAM, na Windows inakiruhusu kukopa mpaka karibu nusu ya RAM yote. RAM ni 16, nusu yake ni ngapi? Ndiyo hizo 8 ulizotajiwa. Kadi humo haimo. Ukitaka kumuumbua bila ugomvi, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda Performance, kisha palipoandikwa GPU, ndiyo grafiki. Pana mistari miwili: "Dedicated" ni kumbukumbu ya kadi yenyewe, "Shared" ni ile ya mkopo. Kama 8 iko kwenye Shared, mshukuru kwa muda wake uondoke.

Halafu i7 ni cheo tu. Umri wake unausoma kwenye namba zinazofuata. i7-2600 ni kizazi cha pili, ya mwaka 2011. i7-4770 ni kizazi cha nne, ya 2013. Kuanzia kizazi cha nne Intel waliongeza kundi la amri liitwalo AVX2, na baadhi ya gemu za miaka hii zisipolikuta zinakataa hata kufunguka. Kwa hiyo i5 ya kizazi cha nne itakufaa kwa muda mrefu kuliko i7 ya kizazi cha pili au cha tatu, japo kibandiko cha i7 kinang'aa zaidi. Muulize namba kamili. Akikujibu "we chukua tu, i7 hiyo", basi.

Sasa unaanzia wapi. Karibu kila kijana anayefika kwenye meza yangu anaanzia kwenye prosesa, kama wewe. Mimi nakwambia anzia kwenye kitu ambacho dukani hakitajwi: boksi lenyewe na pawa saplai iliyomo ndani yake. Gemu inaitegemea kadi ya grafiki kuliko kitu kingine chochote. Kadi inataka nafasi, na nafasi inatoka kwenye boksi. Kadi inakula umeme, na umeme unatoka kwenye pawa saplai. Ukikosea hapo mwanzo, kadi utakayoinunua mwezi ujao itagoma kuingia, au itaingia isiwake, na hela imeshakwenda.

Tafuta kompyuta ya ofisini ya mtumba, zile ambazo makampuni ya nje yanazibadilisha kwa mkupuo halafu zinakuja huku kwa makontena. Dell OptiPlex 7020 au 9020, au HP EliteDesk 800 G1. Zote hizo ni kizazi cha nne. Ukimwambia muuzaji "CPU" ataelewa unataka boksi zima, ndivyo tulivyozoea, ingawa kitabuni CPU ni prosesa peke yake. Ila ongeza neno moja: CPU nene. Hiyo 9020 inatoka kwa maumbo kadhaa. Kuna nyembamba, ambayo atakusifia kuwa haichukui nafasi mezani. Hiyo inapokea kadi za nusu kimo tu, ambazo ni adimu, na mwenye nazo anajua ni adimu. Kuna kadogo zaidi, kadiri ya kitabu kinene, ambako hakapokei kadi kabisa. Unayoitaka wewe ni ile nene ya kusimama: kwa Dell inaandikwa MT, kwa HP inaandikwa TWR. Nyembamba hata ikishuka bei kwa elfu thelathini usitamani.

Ukiipata, omba wafungue ubavu usome karatasi ya pawa saplai. 9020 nene inakuja na wati 290, EliteDesk 800 G1 nene wati 320. Zinatosha? Piga hesabu nami. Prosesa i5-4590 imekadiriwa wati 84. Kadi ambayo haina waya wake wa umeme inanywa kwenye sloti ya mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, na kwa kanuni sloti hiyo haitoi zaidi ya wati 75. Mazabodi, RAM, diski na feni zipe 40 kwa pamoja. Jumla 199. Kwenye 290 unabaki na pumzi ya kutosha. Hiyo 75 iandike kiganjani, maana ndiyo itakayokuchagulia kadi: pawa saplai hizi za ofisini kwa kawaida hazina ule waya wa pini sita au nane wa kulishia kadi kubwa.

Hapo ndipo watakapotokea mafundi wa kuunga. Atakwambia kuna kiwaya kinachochukua umeme kwenye kiunganishi cha diski, kile cha SATA, kikatoa pini sita, na kadi kubwa ikawaka. Itawaka, ndiyo. Lakini pini sita zinaruhusiwa kubeba wati 75, wakati kiunganishi cha SATA kwenye laini yake ya volti 12 kimekadiriwa 54. Kazi hiyo ni ya kubeba magunia mawili ya dagaa kwa kamba ya kuanikia nguo. Nimepokea kompyuta ambayo plastiki ya kiunganishi ilikuwa imeyeyuka ikashikana na diski, na mwenyewe alikuwa akijiuliza harufu inatoka wapi. Na usifikiri utabadilisha pawa saplai kirahisi tu: kwenye modeli hizi nilizokutajia, soketi ya umeme ya mazabodi siyo ile ya kawaida ya pini 24, kwa hiyo pawa saplai ya dukani haiingii mpaka upate adapta. Ndiyo maana nasema boksi kwanza.

Kadi ninayokutakia ni GTX 1050 Ti ya GB 4. Ilitoka mwaka 2016, inakula wati 75, na toleo lake la kawaida halina soketi ya waya. Sema wapo watengenezaji walioweka soketi ya pini sita hata kwenye kadi hii, hivyo itazame pembeni kabla hujalipa. EA, wenye FC, walipotoa FC 24, kwenye mahitaji ya chini kabisa waliandika kadi hiyohiyo, pamoja na RAM GB 8 na prosesa i5-6600K ya kizazi cha sita. Umeona mwenyewe: kwenye kadi uko mstarini, kwenye prosesa uko chini kidogo ya mstari. Tarajia kushusha mipangilio, na uwanja ukijaa mashabiki picha inaweza kukwama kwama. Kama utakutana na boksi nene la kizazi cha sita, lenye i5-6500, ndani ya hela nitakayokutengea hapo chini, lichukue bila kunipigia simu. GTA V yenyewe ni mzee mpole. Ilikuja kwenye kompyuta mwaka 2015, na walichopendekeza ni i5-3470 na GTX 660. Wewe umeshapita hapo.

Ukibahatika kupata GTX 1650 isiyo na soketi ya waya kwa hela hiyohiyo, hiyo ni bora zaidi. Ukishindwa kabisa, GTX 750 Ti ya wati 60 itakuchezea GTA V, lakini GB 2 zake ni kidogo kwa FC za sasa. GT 1030 usiiguse, hasa ile ya kumbukumbu ya DDR4, ambayo ina jina moja na mwenzake wa GDDR5 lakini mwendo wa konokono. Na RX 580 utaziona nyingi kwa bei ya kuvutia, nyingine zimestaafu kwenye kazi ya kuchimba sarafu za mtandaoni. Kadi ile ina nguvu kweli, ila inataka wati 185 na waya wake. Siyo ya boksi lako.

Nikuambie na ubaya wa 1050 Ti usije ukausikia kwa mwingine. Oktoba 2025 NVIDIA, wenye chipu hiyo, waliacha kutoa draiva mpya za gemu (programu zinazoiendesha kadi) kwa kadi za rika hilo. Zinabaki za usalama tu, mpaka Oktoba 2028. Draiva iliyopo inaendelea kufanya kazi, na gemu zako tatu zinaendelea kuwaka. Lakini gemu itakayotoka miaka miwili ijayo sikuahidi.

Kadi feki zipo, tena nyingi. Wanachukua kadi ya zamani, wanaibadilisha programu ya ndani, kompyuta inaisoma kuwa 1050 Ti. Ukiwasha gemu ndipo inazima au inaleta rangi za ajabu. Nenda dukani na flashi yenye programu ndogo ya bure iitwayo GPU-Z. Ikiwa kadi ni ya kughushi, mara nyingi itaandika FAKE mbele ya jina. Isipoandika, soma mwenyewe: 1050 Ti ya kweli chipu yake ni GP107 na kwenye "Shaders" inaonyesha 768. Ukiona 384 au 192, rudisha mezani. Dalili nyingine huhitaji hata umeme kuiona: tundu la VGA, lile la bluu la pini kumi na tano. Kizazi cha kadi hii hakitoi tena mawimbi ya VGA chenyewe, kwa hiyo 1050 Ti yenye tundu hilo itilie shaka mpaka ijisafishe.

RAM na diski tusizizungushie maneno. Boksi likija na GB 8, angalia ni kijiti kimoja au viwili. Viwili vya 4 vinafanya kazi kwa pamoja, kimoja cha 8 kinafanya peke yake. Hizi za kizazi cha nne zinatumia RAM ya aina ya DDR3. Za kizazi cha sita nyingi ni DDR4, ila si zote, na kijiti cha moja hakiingii kwenye nyingine. Kwa hiyo usinunue RAM kabla hujafungua boksi. SSD, diski ya kasi, ni lazima, ya GB 240 inatosha kwa Windows na gemu moja. Zilizobaki zikae kwenye hadi diski iliyokuja na boksi.

Bei zinabadilika kila kontena likifika, kwa hiyo sikupi bei za sokoni, nakupa mipaka ya kutovuka. Boksi lenye i5 ya kizazi cha nne na RAM 8: usizidishe 280,000. Kadi: 230,000. SSD: 55,000. Kijiti cha RAM cha kuongezea, GB 4: 25,000. Kibodi na mausi za kawaida: 25,000. Friji gadi: 25,000. Waya wa HDMI, pesti ya joto ya prosesa na brashi: 15,000. Hapo tumefika 655,000, na 45,000 inayobaki usiitaje kwa muuzaji yeyote. Umeona sijaweka taa za rangi wala feni za kung'aa. Siku ukiwa na hela zake, ni zako.

Kuna watakaokucheka kwamba kununua boksi la ofisi na kuchomeka kadi siyo "kuunda". Waache. Kama unataka kila kipande kipya, njia ya heshima ni Ryzen 5 5600G, ambayo ina grafiki ndani yake inayojikongoja na GTA V bila kadi, halafu kadi unaongeza baadaye. Ila mazabodi, RAM, pawa saplai na boksi vyote unanunua. Kwa laki saba utaishia njiani na vipande kwenye rambo.

Anzia hapa mjini kabla ya kukimbilia Kariakoo, hata kama Kariakoo ni nafuu kidogo. Hapa unawasha, unapima, na ikileta shida unarudi kwa miguu. Ikibidi kuagiza Dar, mwambie anayekutumia achomoe kadi kwenye sloti na kuifunga peke yake kwenye sponji. Kadi iliyoning'inia ndani ya boksi zaidi ya kilomita elfu moja za basi inaweza kufika stendi ya Nyegezi imeng'oa sloti. Na boksi lililokaa Pwani miaka mingi lipige tochi kwenye skrubu za nyuma: hewa ya chumvi inaacha kutu. Ziwa letu ni la maji baridi, halina dhambi hiyo. Lina zake, nitazifikia.

Dukani usikubali kupimiwa kwa kuwasha tu ukaona picha. Kaa nusu saa. Weka video, fungua vitu vingi, sikiliza feni, shika hewa inayotoka nyuma. Kisha zima, ngoja kidogo, washa tena. Nyingine zinawaka vizuri zikiwa baridi, zikipata moto hazirudi.

Kuunganisha kwenyewe ni kazi ya saa moja. Chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kumi umeme uliobaki uishe, shika chuma cha boksi utoe umeme wa mwilini. Kabla ya kuchomeka kadi, angalia BIOS, programu inayoamsha mazabodi, ni ya mwaka gani. Kwa Dell unaingia kwa F2, kwa HP kwa F10. BIOS ya zamani sana inaweza kuikataa kadi, na kuisasisha ni bure kwenye tovuti ya kampuni, ila ifanye saa ambayo umeme umetulia. Ukikatika katikati, mazabodi inaweza isiamke tena. Kwenye Dell hizi kuna sloti mbili ndefu. Ya bluu ndiyo ya kadi. Nyeusi ni ndefu kwa sura tu, njia zake ni nne. Ondoa pesti kavu ya prosesa kwa pamba na spiriti, weka mpya kiasi cha punje ndogo ya njegere. Mteja mmoja aliwahi kuniletea aliyoweka dawa ya meno, ilinukia vizuri sana.

Na ukimaliza, waya wa TV uchomeke kwenye kadi, siyo kwenye mazabodi. Watu wanakesha na hili. Unaona TV haina picha, au picha ipo lakini gemu inajikokota, kumbe umechomeka pasipo.

Upande wa Windows uko pagumu kidogo. Windows 10 ilimaliza muda wake wa kawaida wa masasisho tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel kuanzia kizazi cha nane pamoja na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Boksi lako halina sifa hizo. Litaendelea na 10, nawe usifanyie humo mambo ya benki wala kufungua viambatisho vya watu usiowajua. Njia nyingine ni Linux, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. Tangu 2018 Steam, duka la gemu la mtandaoni, lina kitu kinaitwa Proton kinachochezesha gemu za Windows humo. Counter-Strike 2 inakwenda, na GTA V ya mchezaji mmoja inakwenda. FC haiendi, kwa sababu ya mlinzi wake wa kuzuia udanganyifu mchezoni, na GTA ya mtandaoni iliufunga mlango huo Septemba 2024. Wewe uliyeitaja FC ya kwanza kwenye barua, baki Windows.

Bando nalo lipangie. FC na GTA V kila moja inazunguka kwenye GB 100 au zaidi, Counter-Strike 2 iko karibu na 85. Kama una rafiki mwenye gemu hiyo kwenye Steam, nenda na diski ya nje, nakili folda ya gemu, iweke kwako mahali palepale, kisha iambie Steam isakinishe: itakuta mafaili yapo, itayakagua na kupakua kilichopungua tu. Gemu lazima uwe umeimiliki kwenye akaunti yako, lakini Counter-Strike 2 ni ya bure, anza na hiyo. Zile za kukreki kwenye flashi za mtaani zinakuja na wageni ndani. Nimefuta wengi mno kuweza kukushauri vingine.

Sasa mambo ya ziwani. Mwaloni na Kirumba unawajua wale wadudu wanaopanda kutoka ziwani kama moshi, hasa siku za mwezi mwandamo, wakifuata taa usiku. Feni ya kompyuta inawavuta kama pampu. Wanakufa ndani, wanagandana na vumbi na mafuta ya mvuke wa jikoni, na baada ya miezi kadhaa chuma cha kupozea prosesa kimevaa koti. Chukua kipande cha chandarua chakavu, kibane mbele ya boksi pale hewa inapoingia. Kioshe kila Jumapili, maana kikiziba ni balaa kuliko wadudu wenyewe. Boksi likae juu ya stuli, mbali na sakafu na mbali na gunia la dagaa kama unaletaga nyumbani. Kila miezi mitatu fungua, sugua kwa brashi. Ukienda gereji kupulizia kwa upepo, shika feni kwa kidole isizunguke, na mwambie kwanza amwage maji yaliyotuama kwenye tangi la kompresa.

Umeme. Nitakwambia kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa naanza kazi hii nilipata boksi la zamani lililotoka Marekani, nyuma ya pawa saplai lina kiswichi chekundu. Sikukisoma. Kilikuwa kimeelekezwa 115, ukutani kwetu ni 230. Nikawasha. Mlio ulisikika mpaka kwa jirani, na kwa sekunde chache nilidhani nimepofuka. Pawa saplai ilikufa, na mshahara wangu wa wiki tatu nao. Ukikuta kiswichi hicho, kisome kabla hujagusa kingine chochote. Zisizo nacho soma karatasi yake: iandikwe kuanzia 100 mpaka 240, au angalau 200 mpaka 240.

Friji gadi niliyokuwekea kwenye bajeti haitakuokoa umeme ukikatika. Kazi yake ni pale unaporudi. Umeme unaporudi kwa kishindo, yenyewe inasubiri dakika kadhaa utulie ndipo iufungue. UPS, boksi la betri, ndiyo itakayokupa muda wa kuhifadhi mchezo, inunue mavuno ya pili ya dagaa. Plagi ya pini tatu usiikate pini ya ethi ili iingie kwenye ekstensheni mbovu; badilisha ekstensheni.

Mama atauliza kuhusu LUKU, kwa hiyo nenda na jibu. Ukicheza saa tatu kwa siku kwa wati 200, ni unit 0.6 kwa siku, unit 18 kwa mwezi. Kwa mita ambayo elfu kumi inatoa unit kama 28, hiyo ni shilingi 6,400 na kidogo. Linganisha na unachoacha kwenye kibanda cha PS. Ila kama mita yenu ni ile ya matumizi madogo, yenye kikomo cha unit 75 kwa mwezi, hizo 18 zinaweza kuwavusha mstari mkaanza kulipia bei ya juu. Angalieni mnatumia ngapi sasa kabla hujaahidi chochote.

Kuhusu hiyo TV, ina faida ambayo hukuijua. TV nyingi za bei ya kawaida za inchi 32 picha yake ni 1366 kwa 768, karibu nusu ya vitone vya monita ya 1080. Kadi yako itafanya kazi nusu, FC itateleza. Hasara yake ni kuchelewa: unabonyeza pasi, mchezaji anapiga baadaye kidogo. Ingia kwenye mipangilio ya picha ya TV utafute hali ya gemu, iwashe. Kama kingo za picha zimekatwa, tafuta mahali pa ukubwa wa picha uchague ile inayoonyesha vitone vyote bila kuvuta. Kompyuta ichomeke HDMI 2, king'amuzi kibaki HDMI 1 kilipo, ili saa mbili kamili usiku wakati wa taarifa ya habari mama abonyeze kitufe kimoja tu, nawe usubiri nje hadi hali ya hewa isomwe.